Barua za wachoraji: Wiki sita kwenye kijiji cha wavuvi

*Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mchoraji wa rangi za mafuta, na tangu nizaliwe sijaishi karibu na bahari. Nimekubaliwa kukaa wiki sita kwenye makazi ya wasanii katika kijiji kidogo cha wavuvi, pwani ya joto. Watanipa nauli, chumba na banda la kufanyia kazi. Mwishoni natakiwa niwaonyeshe wanakijiji nilichofanya. Nibebe nini? Nifanyeje nisionekane mtalii mwenye brashi? Na wiki sita zikiisha sijapata kitu cha maana, itakuwaje?*
*Mchoraji wa Bara*

Marahaba, mwanangu, na hongera. Niruhusu nianze na swali lako la pili, maana hayo mengine yananing'inia hapo.

Wewe unaondoka nyumbani ukiwa tayari na picha kichwani: minazi, mtumbwi, jua linazama. Mchoraji Mfaransa Paul Gauguin alifika Tahiti, kisiwa cha Bahari ya Pasifiki, mwaka 1891 na picha ya namna hiyo. Alipotua Papeete akakuta mji wa kikoloni, wenye makanisa na maofisa wa Kifaransa. Akahamia Mataiea, mbali na mji, lakini kwenye turubai aliendelea kuipaka ile Tahiti aliyotoka nayo Ufaransa. Rangi zake nazipenda mpaka leo, sitakuficha. Ila wenyeji wake, akiwemo msichana wa miaka kama 13 aliyemfanya mke, walibaki watu wa kutazamwa tu, na nikisimama mbele ya michoro ile hilo haliniondoki.

Mimi nilikosea siku ya pili tu ya makazi yangu ya kwanza. Mzee mmoja alikuwa amekaa kivulini anashona nyavu, vidole vyake vinakwenda kama vina macho. Nikatoa karatasi nikaanza. Hakusema neno. Alikusanya nyavu zake, akahamia upande wa pili wa mashua, akanipa mgongo. Nilijitetea moyoni kwamba nilichora mkono, sikuchora sura. Lakini mkono ule ulikuwa wake, na sikuwa nimeuomba.

Nikarudi kesho yake bila karatasi. Nikasalimia, nikakaa. Kesho kutwa vivyo hivyo, nikasaidia kuvuta kamba. Siku ya tisa akaniuliza mwenyewe, "Na leo huchori?" Nikachora. Akaitazama kazi yangu kwa muda mrefu, kisha akaweka kidole kwenye fundo nililochora: "Hili halitashika." Nikalifuta, akanionyesha linavyofungwa, nikachora tena. Mara ya tatu akaridhika. Hakuna mchoro niliowahi kuufanya ninaouamini kama ule, na niliuacha kwake.

Kwa hiyo siku kumi za kwanza usichore watu. Chora ubavu wa mashua, kamba, kutu ya nanga, kipande cha tumbawe. Watakuja wenyewe kutazama, na wakikuta kosa watakwambia. Ukifika kwa watoto, uliza wazazi kwanza, na uwaeleze michoro itaishia wapi.

Na ujue kwamba pale saa ya ukutani haitawali. Sehemu nyingi maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa muda wa saa 24 na dakika 50 hivi, kwa hiyo mambo yote husogea karibu dakika 50 kila siku. Ukijipangia "kila siku saa tatu asubuhi niko ufukweni," wiki ijayo utakuta maji yamefunika kila ulichokuwa unachora. Tafuta jedwali la maji kabla hujasafiri. Zungushia siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu: hapo ndipo bamvua, maji hutoka mbali sana na mwamba unaonekana ambao siku za maji mafu, maji yasipotoka mbali, hutauona kabisa. Mwanga nao ni mkali na wa namna moja mchana, hauachi kivuli cha maana. Jioni giza huingia upesi, hasa kama ni karibu na ikweta. Asubuhi ndiyo ya kazi.

Sasa mizigo. Rangi za mafuta ziache nyumbani, najua inauma. Hazikauki kwa maji kutoka bali kwa mafuta kukutana na hewa, na tabaka nene laweza kupita wiki sita likiwa bado laini ndani. Utasafiri nalo vipi? Chukua akriliki, wino, na karatasi nzito za pamba. Karatasi ndiyo ya kuilinda kama mtoto mchanga: hewa ya pale ina unyevu mwingi, na gundi iliyomo kwenye karatasi ni chakula cha kuvu. Zifunge kwenye boksi lisilopitisha hewa pamoja na vifuko vya silika, vile vya kunyonya unyevu. Usizilaze sakafuni wala usiziegemeze ukutani. Visu na mikasi vifute kila jioni na upake mafuta kidogo, chumvi haikawii. Ukitamani kuchanganya mchanga wa bahari kwenye rangi, uoshe kwanza kwa maji yasiyo na chumvi mara kadhaa. Mimi sikuosha, miezi michache baadaye chumvi ikachomoza juu ya rangi kama unga mweupe.

Kuhusu kutopata kitu. Msanii wa Marekani Robert Rauschenberg alihamia kisiwa cha Captiva, Florida, mwaka 1970, baada ya miaka mingi New York. Mwaka uliofuata alikuwa anafanya kazi kwa maboksi ya kawaida ya karatasi ngumu, ameyakunjua na kuyabandika ukutani yakiwa na mikunjo na maandishi yake. Akaishi pale hadi alipofariki 2008, na baadaye wasanii wengine wakapokewa kwenye nyumba zake. Nakutajia hayo kwa sababu huenda kitu chako kisiwe picha ya bahari kabisa. Siku ya maonyesho tundika hata kazi ambazo hazijaisha, zitundike pale wanapofanyia kazi wavuvi wenyewe, na chagua saa ambayo mashua zimerudi. Nilishaona msanii mwenzangu akifungua maonyesho yake maji yakiwa ya kuvulia. Walikuja watoto tu.

*Mwalimu, nami nimekubaliwa, ila wanataka nilipe mwenyewe chumba na ada. Ni matapeli?*
*Mwenye Wasiwasi*

Si lazima. Yapo makazi ya kweli yanayotoza. Lakini kabla hujatuma hata senti, omba mkataba wa maandishi: ada inalipia nini, kazi utakazofanya ni za nani, nani atagharimia kuzisafirisha, na ukiugua katikati wanarudisha kiasi gani. Kisha omba uzungumze na wasanii wawili waliokaa pale, na uwaulize jambo moja ambalo mimi husahau kila mara: paa la banda linavuja?