Tambuu, muguka na kidonda kisichopona: maswali yenu

*Shikamoo daktari. Mimi ni mwanafunzi wa chuo hapa Tudor. Sivuti sigara wala sinywi pombe. Natafuna tambuu tu, ile tamu isiyo na tumbaku, mara tatu nne kwa siku, hasa nikikesha kusoma. Wenzangu wanasema haina madhara. Ni kweli?*
Mwanafunzi wa mwaka wa pili, Tudor

Marahaba, mwanangu. Si kweli, na mkosaji si jani wala sukari. Ni popoo, ile kokwa ngumu inayofungwa ndani ya jani pamoja na chokaa. Tangu mwaka 2004, shirika la utafiti wa saratani la WHO limeiweka popoo katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu, kundi lilelile la tumbaku. Tumbaku ikiongezwa hatari hupanda, lakini popoo peke yake yatosha.

Ndani ya popoo mna kemikali iitwayo arekolini. Chokaa huifanya itoke upesi, na papo hapo huunguza ngozi laini ya shavu. Arekolini huichochea ngozi hiyo kutengeneza nyuzi ngumu nyingi kuliko zile mwili unazoweza kuvunja, na shavu huanza kukakamaa. Dalili ya kwanza huwa ndogo, na wengi huidharau: mdomo unawaka ukila pilipili au achari uliyoizoea. Baadaye shavu hupauka, na ukipapasa kwa ndani kwa kidole unahisi mishipi migumu. Mwisho mdomo haupanuki.

Jipime leo. Simamisha vidole vitatu vyako mwenyewe, cha shahada, cha kati na cha pete, kimoja juu ya kingine, uviingize kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini. Vikipita viwili tu, nenda kliniki ya meno wiki hii. Ugumu huo ukishaingia, kuacha popoo huuzuia usizidi, lakini kwa kawaida hauondoki wenyewe. Katika kila watu 100 wenye hali hiyo, takriban 4 hadi 8 huishia kupata saratani ya mdomo.

Hatari huongezeka kwa mara unazotafuna kwa siku, kwa miaka, na kwa muda unaoiacha imekaa shavuni. Kwa hiyo kulala nayo mdomoni ni kubaya zaidi. Vile vipakiti vya dukani navyo visome: vingi ni popoo iliyosagwa na kutiwa manukato, na vingine vina tumbaku ndani. Ukitaka cha kutafuna usiku wa mtihani, tia mdomoni iliki, shamari au ubani usio na sukari.

*Sisi hapa maskani twatafuna muguka jioni, na sigara mbili tatu za kusindikizia. Wikendi bia. Kipi kati ya hivi ndicho kibaya?*
Vijana wa Likoni

Sigara na bia, na hasa vikikutana. Muguka na miraa hazimo katika orodha ile ya WHO, ingawa huweza kuacha alama nyeupe upande unaotafunia. Lakini ninyi wenyewe mmesema: muguka huita sigara. Pombe hufanya ngozi ya mdomo ipitishe sumu za moshi kwa urahisi, na mwili huigeuza kuwa asetaldehidi, ambayo huharibu seli. Anayevuta na kunywa hatari yake huzidi sana ile ya kujumlisha tabia mbili.

Ugoro na Kuber ni tumbaku; kutokuwa na moshi hakuzifanyi salama. Huharibu palepale zinapowekwa, kwenye ufizi na shavu. Shisha, mbali na kupigwa marufuku Kenya Desemba 2017, haisafishwi na maji yake. Maji huupoza moshi tu.

Mkiacha sigara sasa, siku tatu za kwanza ndizo ngumu kuliko zote. Ndani ya miaka 5 hadi 10 hatari ya saratani ya mdomo hushuka kwa karibu nusu.

*Mwanangu yuko chuoni. Ana kidonda ubavuni mwa ulimi, wiki ya tatu sasa. Amepaka GV, ile dawa ya zambarau, na kumeza antibiotiki. Haumwi, basi hataki kwenda hospitali.*
Mama, Kisauni

Mama, kutoumwa kusikutulize. Saratani ya mdomo ikianza mara nyingi haiumi, na ubavu wa ulimi ni mojawapo ya sehemu inazopenda kuanzia. Kidonda cha kawaida hupona ndani ya wiki mbili. Kikipita hapo lazima kionwe, hata kwa kijana, hata kama hatafuni chochote. Huenda ni jino lenye ncha linalomkwaruza. Daktari atalisugua na kumwita tena baada ya wiki mbili. Kisipopona, atapigwa sindano ya ganzi na kukatwa kipande kidogo kipelekwe maabara. Kipimo hicho hakisambazi ugonjwa, kama watu wanavyohofia.

Aache GV, kwa sababu rangi yake huficha kile daktari anachokitafuta. Asimeze tena antibiotiki bila kupimwa. Aende kliniki ya meno ya Hospitali Kuu ya Pwani, yaani Makadara, aeleze kidonda kimekaa siku ngapi.

Nyumbani, wote mjikague mara moja kwa mwezi. Nawa mikono, simama mbele ya kioo, washa tochi ya simu. Geuza midomo, vuta kila shavu, shika ncha ya ulimi kwa kitambaa safi uuvute kulia na kushoto, kisha uinue utazame chini yake. Doa jeupe likifutika, pengine ni fangasi, lisipofutika, kaonwe. Doa jekundu lisilopona ni la kuharakishiwa zaidi.

*Naona haya kuuliza. Ngono ya mdomo yaleta saratani?*
Msichana, miaka 21, Nyali

Usione haya. Huweza kuambukiza kirusi cha HPV, na aina ya 16 husababisha saratani ya koo, kwenye tezi za koo na shina la ulimi. Wengi huambukizwa na mwili hukifuta wenyewe. Chanjo ipo, Kenya ilianza kuwachanja wasichana wa miaka 10 mwaka 2019. Wewe hukupitwa: hadi miaka 26 bado ina faida, ingawa huenda ukailipia. Kioo hakifiki huko kooni. Ukiona uvimbe shingoni, au koo likauma upande mmoja tu kwa zaidi ya wiki tatu, muone daktari wa masikio, pua na koo.