Kwa aliyeuliza kama aendelee kusoma Biblia wakati imani yake imepoa

Ndugu mleta mada, umesema kwamba ulibatizwa tangu utoto, kwamba unafuata ratiba ya kuimaliza Biblia nzima kwa mwaka mmoja, na kwamba kwa muda mrefu sasa unasoma bila kuguswa na lolote. Kisha umeuliza mambo mawili: kama Maandiko yana nguvu yenyewe, au nguvu hiyo imo tu akilini mwa mtu ambaye ameshaamini; na kama si unafiki kuendelea kusoma kabla imani haijarudi. Nitakujibu kwa yale niliyoyaona katika miaka mingi ya kusoma Injili pamoja na watu wasioamini, na kwa yale yaliyonipata nilipofiwa na mtoto wangu.

Naanza na swali lako la pili, kwa sababu ndilo linalokuumiza zaidi. Unafikiri kwamba mtu anapaswa kuja na imani mkononi ndipo astahili kufungua Biblia. Paulo anaupanga mwendo huo kinyume kabisa anapowaandikia Warumi: "Basi imani, chanzo chake ni kusikia, na kusikia huja kwa neno la Kristo." Neno hutangulia, imani hufuata. Yohana naye, karibu na mwisho wa Injili yake, anaeleza kwa nini aliandika: "Lakini hizi zimeandikwa ili mwamini ya kwamba Yesu ndiye Kristo, Mwana wa Mungu, na kwa kuamini mwe na uzima kwa jina lake." Kitabu kilichoandikwa ili watu waamini hakiwezi kumfukuza msomaji kwa sababu hajaamini, au kwa sababu imani yake imedhoofika hata haioni tena. Unaposoma huku moyo ukiwa baridi humdanganyi mtu yeyote, bali umekaa mahali hasa ambapo imani hupatikana, na yule baba aliyelia mbele ya Yesu, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu," hakuambiwa aondoke akajitengeneze kwanza. Mwanawe aliponywa siku ile ile.

Sasa nije kwenye swali la nguvu. Katika kikundi changu tunasoma Injili ya Marko kwa sauti, sura moja kila tunapokutana, na kila mtu ana ruhusa ya kuuliza au kupinga. Simhubirii mtu, nasoma, nasikiliza, na panapohitaji maelezo ya desturi za Kiyahudi au ya utawala wa Kirumi nayatoa. Aliwahi kuja bwana mmoja ambaye alikuwa akimsindikiza mkewe tu, na tangu jioni ya kwanza alibishana juu ya miujiza. Nilidhani kwamba tutashikana hapo mpaka mwisho. Kilichomshangaza, hata hivyo, hakikuwa muujiza wowote, bali jinsi Marko anavyowaonyesha wanafunzi: hawaelewi mifano, wanagombania ukubwa njiani wakati Bwana wao anazungumzia kifo chake, wanalala Gethsemane, wanakimbia, na Petro anamkana mbele ya kijakazi. Aliuliza ni watu gani ambao wangetunza habari za aibu kama hizo juu ya viongozi wao wenyewe. Tulipofika sura ya 14 alikuwa amenyamaza, na ubishi wake ulikuwa umegeuka kuwa maswali ya aina nyingine kabisa: huyu Yesu anataka nini kwa mtu, na kwa nini anajitoa bila kujitetea? Baadaye alibatizwa. Alipoulizwa aliamini lini hakuweza kutaja siku. Alisema tu kwamba alikuwa amekaa akimpima mtu wa katika habari ile, kisha akagundua kwamba yeye ndiye anayepimwa.

Sikusimulia habari hiyo ili uione kama kanuni. Katika kikundi kile kile alikuwamo dada mmoja aliyesoma sura zote kwa bidii kuliko sisi, akazipenda, akatushukuru, akaenda zake bila kuamini, nasi tungali marafiki. Wapo wanaotaka nguvu ya Maandiko iwe kama ya dawa, kwamba kila anayemeza apone, na mambo yakienda vingine wanasema haina nguvu. Biblia yenyewe haisemi hivyo. Yesu alipowaambia wasomi wa siku zake, "Mwayachunguza maandiko," aliendelea kuwaambia kwamba maandiko hayo ndiyo yanayomshuhudia yeye, na bado hawataki kuja kwake wapate uzima. Mtu anaweza kuijua Torati kwa moyo na asimwone yule ambaye Torati inamwonyesha. Nguvu ninayoizungumzia ni ya Roho wa Mungu, ambaye huyatumia maneno haya kumweka Kristo mbele ya mtu, na Roho hashurutishwi na ratiba ya mtu yeyote. Ndiyo maana tunaomba kabla ya kusoma, na ndiyo maana pia hatukati tamaa juu ya waliosoma na kuondoka.

Mfano wa Augustino, mwalimu mashuhuri wa kanisa la kale, unanisaidia sana hapa. Akiwa kijana wa miaka kama 19 aliyafungua Maandiko akayadharau, kwa kuwa aliona lugha yake ni duni ikilinganishwa na ufasaha wa Cicero, msemaji mkuu wa Kirumi. Ilipita zaidi ya miaka kumi. Alipofika Milan akawa anakwenda kumsikiliza Askofu Ambrose, mwanzoni kwa ajili ya ufundi wake wa kusema, na maneno ya Agano la Kale aliyokuwa akiyaona ya kipuuzi yakaanza kumfungukia. Mwaka 386 alisimuliwa habari za Antoni wa Misri, mtawa wa jangwani, aliyekuwa ameingia kanisani wakati Injili ya Mathayo ikisomwa, akasikia agizo la kuuza alivyo navyo na kuwapa maskini, akalichukua kuwa ni lake yeye. Muda mfupi baada ya kusikia hayo, Augustino akiwa bustanini katika uchungu mkubwa alifungua barua kwa Warumi, akasoma maneno ya sura ya 13 juu ya kumvaa Bwana Yesu Kristo, na hakuhitaji kusoma zaidi. Alibatizwa na Ambrose wakati wa Pasaka ya mwaka 387. Tazama ni mambo mangapi yaliyotangulia aya ile: usomaji uliomchosha, mahubiri aliyoyasikiliza kwa nia nyingine, aya iliyomgeuza mtu mwingine zaidi ya miaka 100 kabla. Watu hukumbuka bustani tu. Mimi nayaangalia zaidi yale mahubiri ya Ambrose, maana pengine wewe sasa uko katika miaka ya namna hiyo, ambayo neno linaingia bila wewe kuhisi.

Umeandika mara kadhaa kwamba "huhisi kitu", na jambo hilo ningependa tulitazame vizuri. John Wesley, mhubiri Mwingereza aliyeanzisha Umethodisti, anakumbukwa kwa jioni ya tarehe 24 Mei 1738, alipokuwa katika mkutano mdogo London, mtu mmoja akisoma utangulizi wa Martin Luther, mwanamageuzi wa kanisa, kwa barua ya Warumi, naye akahisi moyo wake ukipata joto la ajabu na akapata uhakika kwamba Kristo amemwondolea dhambi zake. Wachache husimulia kwamba mwezi Januari 1739, kabla mwaka haujaisha, Wesley huyo huyo aliandika katika kumbukumbu zake kwamba yeye si Mkristo, kwa kuwa hakuona ndani yake upendo na furaha alivyotazamia. Lakini aliendelea kusoma na kuhubiri, na mwaka huo huo ndipo alipoanza kuhubiri nje, mashambani na penye makutano, na watu wengi wakaamini kwa neno lililotoka kinywani mwake. Hisia ni zawadi, nami sizidharau. Ila zikipewa kazi ya kuibeba imani huanguka, kwa sababu hubadilika kwa usingizi, kwa afya na kwa habari za siku hiyo, hali ahadi iliyoandikwa jana imebaki ilivyo.

Nilijifunza hayo nilipofiwa. Kwa miezi mingi sikuweza kuomba kwa maneno yangu mwenyewe. Kila nilipojaribu nilikuta hasira au ukimya. Mchungaji mmoja mzee alikuja nyumbani, na badala ya kunipa maelezo alinisomea Zaburi ya 88, akafunga Biblia, akakaa nami. Kama hujaisoma kwa makini, isome. Zaburi nyingi za maombolezo hugeuka mahali fulani na kumalizia kwa sifa. Hii haigeuki, inaishia gizani. Mwanzo wake, hata hivyo, ni huu: "Ee Bwana, Mungu wa wokovu wangu, mchana na usiku nimelia mbele zako." Mtu asiyeona mwanga wowote bado anajua amlilie nani. Nilianza kuisoma zaburi hiyo kila siku, halafu nyingine pamoja nayo, na kwa muda mrefu hayo ndiyo yaliyokuwa maombi yangu yote. Sikuhisi kwamba nina imani. Lakini nikitazama nyuma naona kwamba kusema maneno yale kwa Mungu, siku baada ya siku, kulikuwa ndiyo imani yenyewe, na haikutoka kwangu. Niliazimwa imani na Maandiko wakati ya kwangu ilikuwa imekwisha.

Bwana wetu mwenyewe alitegemezwa hivyo. Jangwani alipojaribiwa alijibu mara tatu, na majibu yote matatu aliyachukua katika Kumbukumbu la Torati. Msalabani alilia kwa maneno ya Zaburi ya 22, "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha," na akakata roho akisema maneno ya Zaburi ya 31 juu ya kuiweka roho yake mikononi mwa Baba. Kama Mwana wa Mungu hakuona ni udhaifu kufa akiwa na maneno aliyojifunza tangu utoto, sioni kwa nini sisi tuone aibu kuishi kwa hayo.

Na kama unadhani hayo ni ya mtu mmoja mmoja tu, chukua habari za Madagaska. Wamisionari kutoka Uingereza walifika mwaka 1818, na Biblia nzima kwa Kimalagasi ilichapwa mwaka 1835, mwaka ule ule ambao Malkia Ranavalona wa Kwanza aliikataza dini hiyo kwa watu wake. Mwaka 1836 wamisionari wa mwisho walikuwa wameondoka. Waumini waliobaki walikuwa wachache, wakristo wa juzi tu, bila wachungaji waliosomeshwa. Mwaka 1837 mwanamke aitwaye Rasalama aliuawa kwa ajili ya imani yake, na wengine wengi walifuata. Biblia zilizikwa ardhini na kufichwa mapangoni, zikatolewa usiku na kusomwa kwa siri. Malkia alipofariki mwaka 1861 na mlango ukafunguliwa tena, wageni walikuta waumini wengi kuliko wale walioachwa. Kwa miaka ipatayo 25 kanisa lile halikuwa na msaada mkubwa wa kibinadamu kutoka nje. Lilikuwa na kitabu, maombi, na watu waliokuwa tayari kukisoma kwa gharama ya uhai. Kila ninaposikia kwamba nguvu ya Maandiko ni mazoea ya malezi tu, nawafikiria wale, ambao malezi yao yote na sheria yote ya nchi vilikuwa upande wa pili.

Kuhusu namna ya kusoma, ningekushauri uiache ile ratiba ya mwaka kwa sasa. Si mbaya, ila kwa mtu mchovu hugeuka deni la kila siku, na anayelipa deni hasikilizi. Chukua Injili moja, Marko au Yohana, uisome polepole na kwa sauti, ukijiuliza katika kila sura jambo moja tu: Yesu hapa anafanya nini, na anamfanyia nani? Usitafute kila siku aya ya kukupa ujumbe wako binafsi, kwani tabia hiyo humfanya mtu ajitafute mwenyewe katika kila ukurasa, hali wale wanafunzi wawili waliotembea na Yesu mfufuka katika njia ya Emau walichofunuliwa katika maandiko yote ni mambo yaliyomhusu Kristo, na hapo ndipo mioyo yao ilipowaka. Asubuhi na jioni ongeza zaburi moja, uiombe ilivyo, hata ile isiyolingana na hali yako.

Usisome peke yako tu. Paulo alisema imani huja kwa kusikia, na kusikia kunahitaji kinywa cha mtu mwingine. Yule towashi wa Kushi katika Matendo ya Mitume alikuwa na Isaya mkononi akisoma garini mwake, lakini alipoulizwa kama anaelewa alijibu kwamba atawezaje asipoongozwa na mtu. Filipo akapanda, akaanza na andiko lilo hilo, akamhubiri Yesu. Kwa hiyo usiache ibada wala Meza ya Bwana katika kipindi hiki, na mtafute mtu mmoja, akiwa mzee wa kanisa au rafiki anayejua kusikiliza, msome naye Marko mara moja kwa wiki. Mweleze wazi kwamba unasoma ukiwa na mashaka. Mkifika sura ya 8, pale Yesu anapouliza, "Na ninyi mwaninena mimi kuwa ni nani?", msilikimbilie jibu la Petro, kaeni kwanza na swali, na kama utapenda, rudi hapa utueleze mlichokiona, maana nitaendelea kuufuatilia uzi huu.