Jibu: Msimu mpya wa TV na ofa ya miezi 24. USISAINI

Ondoa kidole kwenye hiyo skrini ya kusaini. Salamu tutapeana baadaye.

Nimesoma uzi wako nikiwa kwenye maegesho ya kazini na chai imepoa mkononi. Umesema mmehamia Houston mwezi wa 4, wewe, shemeji na watoto watatu, mko maeneo ya Alief. Msimu mpya wa vipindi unaanza mwezi huu, watoto wanasimuliwa shuleni nao wanataka kuona, mama mkwe anatua mwezi wa 11. Na kuna kijana pale supamaketi amekupa ofa ya dola 64.99 kwa mwezi, dishi, ving'amuzi vitatu, mkataba wa miezi 24, mwisho wa ofa Jumapili. Umeuliza kama maswali manne. Mimi nimeliona hilo moja tu, mengine macho yamegoma kuyasoma.

Septemba 2023 nilisimama kwenye meza kama hiyo, katikati ya matikiti maji na betri. Huenda ni meza ileile, maana na wewe umesema ina kitambaa cha bluu. Mimi yangu ilikuwa dola 59.99, kwa hiyo chambo nacho kimepanda bei.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba nilipigwa kwa Kiswahili. Tena Kiswahili cha salamu ndefu, habari za nyumbani, habari za kazi, poleni na joto. Muuzaji aliniuliza natokea wapi, nikasema Muheza. Akasema bibi yake mzaa mama ni wa Korogwe. Basi, tukawa ndugu palepale mbele ya matikiti. Baadaye nikasikia kwamba Mkenya mmoja tunayesali naye aliambiwa bibi huyohuyo ni wa Voi. Bibi ana miguu yule.

Akaniambia: "Kaka, Marekani bila king'amuzi huoni hata taarifa ya habari." Nikamwamini, na nina sababu, kwa hiyo mkicheka chekeni kwa adabu. Mimi niliishi Dar. Mitambo ya analojia ilipozimwa usiku wa 31 Desemba 2012, antena peke yake ikawa chuma cha kuanikia soksi. Bila king'amuzi unaangalia chenga. Kwa hiyo kichwani mwangu televisheni na king'amuzi ni mume na mke. Hakuna aliyeniambia kwamba huku walizima analojia tarehe 12 Juni 2009, na kwamba runinga yoyote mpya inayouzwa hapa tangu 2007 inakuja na kipokezi cha dijitali tumboni mwake. King'amuzi kimo ndani! Nilinunua runinga yenye mimba halafu nikaenda kutafuta mganga wa uzazi.

Nikasaini. Wakakagua krediti yangu, yaani rekodi yangu ya mikopo, ambayo ilikuwa na umri wa miezi mitano, alama zikashuka. Fundi akaja na ngazi akafunga dishi. Siku ile nilipiga picha nikaituma kwenye grupu la familia. Shemeji yangu wa Tanga akajibu "hongera bosi". Picha ile nimeifuta.

Bili ya kwanza: dola 97. Nikadhani wamekosea nyumba. Kumbe 59.99 ni bei ya jina tu. Juu yake kuna kodi ya king'amuzi cha pili, kodi ya king'amuzi cha tatu, ada ya michezo ya kanda, na kodi ya serikali. Nikampigia ndugu yangu wa Korogwe, akasema mwezi wa kwanza huwa hivyo. Wa pili ukawa hivyo. Wa tatu simu yake ikawa haipokelewi.

Sasa sikia mwaka wenyewe niliousaini. Waandishi wa Hollywood walikuwa wamegoma tangu tarehe 2 Mei 2023, wakarudi kazini tarehe 27 Septemba. Waigizaji nao waligoma kuanzia tarehe 14 Julai hadi tarehe 9 Novemba. Kwa hiyo tamthilia mpya hazikuwepo! CBS, mmoja wa mitandao mikubwa ya televisheni ya huku, walikuwa wanarudia tamthilia ya Yellowstone, kitu kilichoanza 2018 kwenye chaneli nyingine. ABC, mtandao mwingine, wakajaza mashindano ya kucheza dansi na wazee wanaotafuta wachumba. Abbott Elementary, kichekesho cha walimu wa shule ya msingi ambacho wanangu walikisubiri kwa sababu mwalimu wao alikisifia, kilirudi Februari 2024. Nimelipia harusi siku ambayo mpishi amegoma na waimba taarabu wamegoma, nimekaa mezani na kadi ya mwaliko. Na yule bwana aliniambia kwa macho makavu, "msimu unaanza wiki hii, vitu vipya tupu."

Halafu ikaja miezi ambayo kampuni yangu ya dishi na wenye kituo kimoja cha hapa mjini waligombania malipo ya urushaji. Chaneli ikazimwa kwa wateja wetu wiki kadhaa. Chaneli ambayo hewani ni bure. Jirani anaiona kwa waya wa dola 12, mimi ninayelipa 97 naangalia tangazo la kunitaka niwe na subira.

Lakini hayo yote ni madogo. Kosa lililonila lilikuja mwezi wa 13, na ndilo linalonifanya niandike kwa hasira hivi.

Mwezi wa 13 bei ya ofa ikaisha. Bili ikaja dola 148. Nikapiga simu kuvunja mkataba. Ukisema neno "kuvunja" wanakuhamishia kitengo cha kubembeleza wateja, nako kuna dada ana sauti ya asali. Nikamuuliza, nikivunja leo nadaiwa nini? Akasema kuna gharama ya kuvunja mapema, kisha akageuza maneno, akanipa chaneli za filamu bure miezi mitatu. Mimi sikuuliza ni gharama kiasi gani. Sikuuliza! Kwa sababu mjukuu wa Korogwe alikuwa ameniambia siku ile mezani kwamba ukivunja unadaiwa mkataba wote uliobaki. Nikapiga hesabu kichwani, 148 mara 12, jasho likanitoka, nikasema bora niendelee tu kuangalia, angalau nipate picha.

Nikaendelea. Mwezi wa 13, wa 14, wa 15, wa 16.

Mke wangu alikuwa anatafuta iliki. Karatasi za mkataba nilikuwa nimezihifadhi kwenye droo ya viungo, msiulize kwa nini. Akazitoa zinanuka mdalasini, akasimama anasoma, akaniita: "Baba watoto, hapa umepasoma?" Imeandikwa dola 20 kwa kila mwezi uliobaki. Ishirini! Siyo 148.

Pigeni hesabu wenyewe. Ningevunja mwaka wa kwanza ulipoisha, miezi 12 iliyobaki mara 20 ni dola 240, nimeondoka. Badala yake nililipa 148 mara nne, yaani 592, halafu nikavunja na miezi 8 mbele, 160 nyingine. Jumla 752. Dola 512 nilizitupa kwa sababu ya kuamini mdomo na kuogopa kusoma karatasi yangu mwenyewe. Ukijumlisha na ule mwaka wa kwanza wa 97 mara 12, dola 1,916 zimekwenda. Kwa msimu wa mgomo. Wapo humu wamenunua kiwanja kimoja watu wanne, kwa hiyo tusitupiane mawe sana, lakini ile hela ilikuwa nauli ya kwenda kumwona mama.

Na yule dada wa asali angeweza kuniambia "ishirini kwa mwezi" kwa pumzi moja. Yupo kazini ili asiiseme.

Umeandika unavitaka vile ving'amuzi vitatu "ili kila mtu awe na amani yake". Hapo ndipo nilipotaka kukupigia simu. Sisi tulikuwa navyo sebuleni, chumba cha watoto na chumbani kwetu. Ndani ya wiki tatu kila mtu alikuwa na amani yake kweli. Kijana wa miaka 13 anakula juu ya kitanda. Binti wa 9 analala na katuni. Mimi na mke wangu tunaulizana habari za siku kwa meseji, yeye chumbani mimi sebuleni, ukuta mmoja katikati. Mama mkwe alipokuja Januari 2024 akakaa siku mbili ananitazama, siku ya tatu akasema, "Baba, nyumba hii ina televisheni tatu na haina watu." Nikacheka. Yeye hakucheka.

Yule mama mkwe hajui Kiingereza zaidi ya "thank you". Lakini Jumatatu usiku, kuanzia Februari ile, alikuwa anakaa kuangalia Bob Hearts Abishola, kile kichekesho cha muuguzi wa Kinigeria wa Detroit aliyeolewa na mzungu muuza soksi. Tangu 2019 kilikuwa kinarushwa na mimi sikuwahi kukiona. Mke wangu naye ni muuguzi msaidizi, basi akavutika. Bibi akamwona mama yake Abishola anavyompanga mkwe wake, akasema huyu mwanamke ana akili. Akawa anamwita mjukuu, njoo unambie kasema nini. Binti anatafsiri kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, bibi anamsahihisha, kijana akatoka chumbani kuja kubisha kwamba tafsiri siyo hiyo. Nikajikuta sina pa kukaa sebuleni kwangu mwenyewe. Kinarushwa CBS, chaneli 11. Ya bure. Ndiyo hiyo nilikuwa nailipia.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja, na nitairudia kwenye kila uzi hadi mnifungie: antena kwanza. Sachi chaneli kwanza, uone hewani kuna nini, ndipo uongee na mwanadamu yeyote mwenye kalamu.

Mimi alinifundisha mzee wa Kivietnamu anayekaa nyumba ya pili. Aliona dishi linateremshwa, akaja na antena ya masikio ya sungura, zile nyaya mbili za kuvuta. Kabla yake nilikuwa nimenunua ile bapa ya kubandika dirishani, dola 25, kwa sababu inapendeza. Nikapata 2 ya NBC na 26 ya FOX safi kabisa, lakini 8, 11 na 13 zinakatakata, nikaanza kusema nimepigwa tena. Kumbe hapa Houston PBS ya 8, CBS ya 11 na ABC ya 13 wanarusha kwa VHF, yaani mawimbi marefu, na zile bapa nyingi hupenda UHF, mawimbi mafupi. VHF inataka masikio marefu. Mzee akayavuta, akayageuzia kusini magharibi kwenye minara ya upande wa Missouri City, tukasachi upya, zikaingia zote. Wewe uko Alief, minara haiko mbali, huna kisingizio.

Mpira pia, maana najua ndicho kilichokushika pale mezani. Jumapili Texans, timu ya Houston ya futiboli ya Kimarekani, wanaonekana chaneli za bure, mara nyingi CBS, na hata mechi zao zinazouzwa kwa chaneli za kulipia au mtandaoni, hapa mjini huonyeshwa na kituo cha kawaida. Jumamosi saa 5 na nusu asubuhi NBC mara nyingi wanatoa mechi ya Ligi Kuu ya Uingereza. Siyo zote, sikudanganyi, mimi siyo mjukuu wa Korogwe.

Kuhusu vipindi vipya vipi ni vizuri, sikumbuki kama uliuliza vya watoto au vya nyie wawili. Vyovyote, msivipende haraka. Mitandao inaagiza vipindi vichache, inaangalia watu wangapi wanatazama, visivyopata watu vinachinjwa hata kabla ya Krismasi. Wanangu walilia kwa ajili ya kimoja kilichokufa hata hakijatuzoea. Na saa ya watoto kulala, ulisema nini? Huku kwetu vipindi vikubwa ni saa 1 hadi saa 4 usiku, New York saa 2 hadi saa 5, kwa hiyo mnayo nafuu ya saa moja. Mengine muulize shemeji.

Leo ukitoka kazini usipite ule mlango wa matikiti, pita wa upande wa dawa. Nunua masikio ya sungura, chomeka, sachi, halafu rudi hapa uandike umepata namba ngapi. Kama 13 inakatakata, vuta nyaya ziwe ndefu, usizisimamishe wima, zilaze kidogo. Na kama ulishasaini, angalia leo hii karatasi zinasemaje kuhusu siku za kughairi. Usiziweke kwenye droo ya viungo.