Mahali Katiba ilipoacha kuandika siku

Mhariri, swali lenu la wiki hii lauliza: jaji akiharibu kazi, nani amwajibishe bila mahakama kugeuzwa kibaraka wa serikali? Najibu kwa Kenya, ambako Katiba ya 2010 imeichora njia hiyo hatua kwa hatua.

Ibara ya 168 inaipa Tume ya Huduma za Mahakama pekee uwezo wa kuanzisha hatua za kumwondoa jaji, kwa hiari yake au kwa ombi la maandishi la mtu yeyote. Rais haanzishi. (Tanzania, ibara ya 110A, mambo huanzia kwa Rais mwenyewe.) Sababu zimetajwa: maradhi ya mwili au akili yanayomzuia kazi, kuvunja maadili, kufilisika, kutoiweza kazi, au utovu mkubwa wa nidhamu. Walalamishi hujikwaa hapo. Mtu kashindwa kesi ya shamba, badala ya kukata rufaa anaipeleka hukumu ile ile kwa Tume. Jaji kukosea sheria, dawa yake ni rufaa. Hongo ndiyo ya Tume.

Tume ikiridhika, ombi huenda kwa Rais, naye ana siku 14 za kumsimamisha jaji na kuunda jopo la kumchunguza. Jaji hubaki na nusu mshahara. Jopo likitaka aondoke, ana siku 10 za kukata rufaa Mahakama ya Juu, na baada ya hapo Rais hana la kuchagua. Njia hupitika: Naibu Jaji Mkuu Nancy Baraza alisimamishwa Januari 2012 kwa kudaiwa kumtishia mlinzi wa jengo la maduka, jopo likapendekeza mwezi Agosti aondolewe, akajiuzulu Oktoba.

Tatizo liko mahali pasipoandikwa siku. Jopo limeambiwa lifanye haraka, basi. Tume nayo haikuwekewa mwisho wa kulipima ombi, kwa hiyo jaji anaweza kuamua kesi za serikali huku faili lake likingoja kabatini. Uteuzi ni vivyo hivyo: ibara ya 166 yamtaka Rais ateue kama Tume ilivyopendekeza, haisemi lini. Tume ilitoa majina 41 mwaka 2019 (mmoja alifariki kabla ya kuteuliwa). Mwaka 2020 Mahakama Kuu ikaamua kwamba Rais hana hiari. Juni 2021 wakaapishwa 34. Sita wakarukwa hadi Septemba 2022, Rais mwingine alipoingia. Wanne kati ya hao sita walikuwa tayari majaji wa Mahakama Kuu, wakisubiri kupanda Mahakama ya Rufaa. Yaani hawakufaa kupanda, ila walifaa kuendelea kuhukumu! Wawili wao, Joel Ngugi na George Odunga, walikuwa miongoni mwa majaji watano walioubatilisha mpango wa BBI (wa kubadilisha Katiba, uliopigiwa debe na Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta) Mei 2021, wiki chache tu kabla ya kurukwa.

Ningeandika siku 60 za Tume kutamka kama ombi lina msingi, na siku 14 za Rais kuteua na kuapisha. Hizo 14 zikipita, Jaji Mkuu awaapishe waliopendekezwa.