Masters ya teknolojia ya elimu au ukutubi wa shule? Mimi nilisoma vyote viwili

Mwalimu mwenzangu, umesema una digrii ya ualimu, umekabidhiwa maktaba ya shule, sasa hujui usome masters ya teknolojia ya elimu au ya ukutubi, na unaogopa kwamba usipojua kuandika programu za kompyuta utafeli. Hilo la mwisho limekutisha bure. Mimi mpaka namaliza sikuandika programu hata moja. Nilichoandika ni maelezo, kurasa kwa kurasa, kwa nini mwanafunzi afundishwe kitu hiki kwa njia hii na sio ile, na hapo ndo wenzangu wengi walichoka maana walikuja wakijua wanakuja kufundishwa vifaa.

Yaani mapema kabisa tulipewa hoja ya mtafiti wa elimu Richard Clark ya mwaka 1983, kwamba chombo cha kufundishia, kama video au kompyuta, hakimfundishi mtu, kinabeba somo tu, kama lori linavyobeba chakula lakini lishe yako haibadiliki kwa sababu ya lori. Mtafiti mwenzake Robert Kozma akambishia baadaye, kwamba kila chombo kina vitu kinavyoweza ambavyo kingine hakiwezi. Darasani tuligawanyika, mimi nikawa upande wa Kozma, nikatetea kweli kweli.

Halafu ikaja projekti yangu. Nilitengeneza video fupi fupi za kuwafundisha wanafunzi kutafuta vitabu kwenye katalogi ya kompyuta, yaani orodha ya vitabu vyote vya maktaba. Ukisoma usanifu wa mafunzo utakutana na ADDIE, hatua tano za kuandaa mafunzo, yaani uchambuzi, usanifu, utengenezaji, utekelezaji na tathmini, sasa mimi ule uchambuzi niliupitia juu juu kwa sababu niliamini nawajua wanafunzi wangu. Video wakaziangalia, wakazipenda, na bado wakawa wanakuja mezani kwangu kuuliza kitabu kiko wapi. Ikabidi nikae nao pembeni nitazame wanavyotafuta, nikakuta kubonyeza wanajua vizuri tu, shida ni neno la kuandika. Mtoto anaandika "kwa nini bahari ina chumvi", katalogi inamwambia hakuna, na kitabu kipo rafu ya nyuma yake, ila kwenye rekodi kimeandikwa kwa msamiati wa wakutubi. Hiyo video ingemsaidia nini?

Kilichosaidia kilitoka upande wa ukutubi. Kwenye rekodi za MARC, yaani muundo ambao maktaba hutumia kuandika taarifa za kitabu kwenye kompyuta, kuna sehemu namba 653 ambapo unaruhusiwa kuweka maneno huru, ambayo hayatoki kwenye orodha rasmi ya vichwa vya mada. Nikaanza kuweka maneno wanayotumia watoto wenyewe, kitabu kimoja kimoja, kazi ya kuchosha sana, ila wakaanza kupata vitabu bila kuniita. Ndo maana nakwambia hizi fani mbili usizione kama ziko mbali.

Na kama chuo chako kina kozi inayofundisha kazi za mtafiti Carol Kuhlthau, ichukue. Huyu mama alikuwa mkutubi wa shule kabla hajawa profesa, akafuatilia wanafunzi wanavyojisikia wakiwa wanatafuta habari za kuandikia kazi, akaonyesha kwamba wakishachagua mada wanakuwa na matumaini, halafu wakianza kusoma huku na kule wasiwasi unapanda, mpaka wapate hoja yao ndo wanatulia. Mimi miaka yote mtoto akirudi siku ya tatu kasema mada imemshinda nilikuwa namuona mvivu, namwambia kabadilishe. Kumbe alikuwa amefika pale pale ambapo kila mtu hupita, alihitaji nikae naye dakika kumi tu. Hili linaniuma mpaka leo.

Kabla hujaomba nafasi, uliza mazoezi ya kazini yanafanyikia wapi na nani atakusimamia, na uliza pia kama nchi yako inadai leseni ya ualimu au ya ukutubi kwa nafasi unayoitaka. Shule niliyopelekwa mimi maktaba ilikuwa inafungwa wakati wa mapumziko, muda pekee ambao watoto wako huru, nikaishia kugonga mihuri vitabu wiki kadhaa. Mengine, kama kusoma huku unafanya kazi, yanawezekana ukipanga usiku wako mapema.

Kama unataka kuonja ukutubi bila kulipa ada, chukua Koha, ni mfumo wa maktaba wa bure ulioanzia New Zealand, ulianza kutumika 2000, ingiza vitabu hamsini vya maktaba yako uone kama kazi hiyo unaiweza au inakukera.

Na kwa wiki mbili weka daftari mezani, kila swali mtoto analouliza liandike kama alivyolisema, usilirekebishe. Ukikuta mengi ni ya "sielewi" anza na teknolojia ya elimu, ukikuta mengi ni ya "sipati" anza na ukutubi. Langu lilijaa "sipati", na bado ninalo.