Mistari 60 inayosumbua kuliko 400

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Ninaandika programu ya mikopo ya SACCOS yetu. Sehemu ya kukokotoa faini ina mistari 60 tu, lakini kila nikiigusa, kitu kingine kinaharibika. Sehemu ya ripoti ina mistari 400 na haijawahi kunisumbua. Kama idadi ya mistari haitoshi, ugumu wa programu unapimwaje? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Anza kwa kuhesabu maamuzi. Mwaka 1976 Mmarekani Thomas McCabe alichapisha kipimo kinachotumika mpaka leo: hesabu kila mahali programu inapochagua njia, kisha jumlisha 1. Kila if (sharti la "kama") ni moja, kila while au for (amri za kurudia) ni moja. Na usisahau "na" na "au" zilizojificha ndani ya sharti, nazo zihesabu.

Tuseme faini yako imeandikwa hivi: rejesho likichelewa na mkopo hauna msamaha, toza; mkopaji akiwa mwanachama mwanzilishi, punguza; faini ikizidi riba, ishushe ilingane nayo. Masharti 3, "na" 1, jumlisha 1, unapata 5. Hizo ni njia 5 za msingi za kujaribu kabla hujamkabidhi mhasibu programu. McCabe alipendekeza funksheni moja, yaani kipande cha programu chenye kazi yake, isizidi 10. Ripoti yako, kama inachapa tu safu baada ya safu, huenda haifiki hata 3.

Lakini namba hiyo usiitii kama amri. Funksheni ya kutaja majina ya miezi kwa case 12 (chaguo moja kwa kila mwezi) hupata 13, na mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaielewa. If 4 zinazofuatana hupata 5. If 4 zilizotumbukizwa moja ndani ya nyingine nazo hupata 5 ileile, ilhali hizi za pili zinakulazimu kushika masharti yote kichwani kwa wakati mmoja. Mimi huzifumua hizo kwanza.

Halafu kuna jambo ambalo kipimo hicho hakilioni kabisa, na nadhani ndilo linalokutesa: funksheni nyingi kugawana data moja. Tafuta kila mahali ambapo thamani ya faini inabadilishwa. Ukikuta funksheni ya riba na ya salio nazo zinaiandika, umempata mchawi. Iachie funksheni moja tu kazi ya kuibadilisha, nyingine ziisome.

Kisha angalia ugumu utakaobaki. Mwaka 1986 mtaalamu wa kompyuta Mmarekani, Fred Brooks, alitenganisha ugumu uliomo ndani ya kazi yenyewe na ule tunaouongeza sisi watengenezaji. Punguzo la waanzilishi limetoka kwenye masharti ya chama chenu. Hutalifuta kwa ufundi wa kuandika programu. Chapisha orodha ya masharti yote ya faini kwa Kiswahili cha kawaida, ipeleke kwa kamati ya mikopo, uwaulize yapi bado yanatumika.