Jibu: msaidizi wangu wa mtandaoni hajibu wateja ipasavyo

Dada, umesema unauza viatu Kamukunji, msaidizi wako anafanyia kazi kwake Kitengela, na wiki mbili sasa wateja bado wanalalamika. Usimfute kazi kwanza. Nahisi ulimwambia tu "shughulikia wateja" ukaenda zako.

Mimi nilifanya kosa hilohilo. Wangu alituma mzigo Rongai kabla hela haijaingia, eti mteja amemwonyesha picha ya ujumbe wa M-Pesa. Ujumbe wenyewe ulikuwa feki. Nilimfokea, kumbe sikuwahi kumwambia kwamba picha hatuiamini, tunaangalia till, yaani namba ya biashara ya kupokelea malipo ya M-Pesa. Kesho yake nilirekodi skrini ya simu nikijibu oda tatu huku naongea: hiki bei haishuki, hiki toa shilingi 100, ya nje ya mji inalipiwa kwanza. Dakika tisa tu. Hadi leo anairudia akikwama badala ya kunipigia.

PIN ya M-Pesa usimpe, hata akiwa binamu yako (hasa akiwa binamu yako). WhatsApp Business inaruhusu kuunganisha kifaa chake kwenye akaunti yako, akiondoka, unakitoa. Namba za wateja nazo zinalindwa na Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019, kwa hivyo andikishianeni kwamba hatazibeba.

Kwa sasa mwachie oda pekee, mambo ya Instagram yangoje. Mlipe kwa wiki. Kila saa kumi na moja jioni akutumie sauti fupi: oda ngapi zimetoka, na nani hajajibiwa.